Tusingoje Nishani

Kabla hujaendelea kusoma, mfikirie binti mmoja wa kijijini kwako. Ana miaka 12. Asubuhi anakwenda kuchota maji. Ndoo anayojitwisha ni ya lita 20, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jioni anabeba kuni. Msimu wa kilimo ukifika anashika jembe pamoja na watu wazima. Hakuna mtu anayesema, "Mwacheni, kazi hiyo ni nzito, yeye ni mwanamke."

Siku moja binti huyo anakuja nyumbani na kusema, "Baba, nataka kujifunza mieleka."

Je, utamjibu nini?

Nadhani wengi wetu tutacheka. Wengine watakasirika. Mmoja atasema kuwa mwili wa mwanamke ni dhaifu. Mwingine atasema kuwa hiyo si heshima. Mwingine atauliza nani atamwoa. Wote hao ni watu wale wale waliomwona asubuhi na ndoo kichwani, wakanyamaza.

Nataka kukueleza habari za binti mmoja aliyetaka jambo hilo, akakubaliwa na wazazi wake. Yeye si wa kwetu. Ni wa nchi ya India, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Habari zake ni za kweli. Nikimaliza nitakupa maoni yangu, nawe utayapima.

Kijiji cha Mokhra

Jina lake ni Sakshi Malik. Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1992 katika kijiji cha Mokhra, wilaya ya Rohtak, jimbo la Haryana. Jimbo hilo liko kaskazini mwa India, karibu na mji mkuu wa Delhi. Watu wengi wa huko ni wakulima. Wanalima ngano na mpunga, na wanafuga ng'ombe na nyati wa maziwa. Wanawake hukata majani ya mifugo na kuyabeba kichwani. Ukiwaona wakitoka shambani utadhani uko kwenu.

Baba yake Sakshi alikuwa kondakta wa basi mjini Delhi. Mama yake naye alikuwa na kazi. Hawakuwa matajiri. Lakini babu yake Sakshi aliwahi kuwa mpiga mieleka, na mjukuu alikua akisikia sifa za babu yake. Huko Haryana mieleka ni mchezo wa tangu zamani. Vijijini kuna viwanja vyake, vinaitwa akhara. Udongo wake hulimwa ukawa laini ili mtu akianguka asiumie. Lakini viwanja hivyo vilikuwa vya wanaume.

Haryana lilikuwa pia jimbo ambalo mtoto wa kike hakupokewa kwa furaha kama wa kiume. Tazama hesabu hii. Watu walipohesabiwa mwaka 2011, katika Haryana kila wanaume 1,000 walikuwa na wanawake 879 tu. Wanawake wengine walikuwa wapi? Wengi hawakuachwa wazaliwe. Wazazi walipima mimba, wakiona ni ya mtoto wa kike waliitoa, ingawa sheria ilikataza. Wengine walizaliwa wakakosa matunzo waliyopewa ndugu zao wa kiume. Hali ilikuwa mbaya hata mwezi wa Januari 2015 serikali ya India ilipoanza kampeni ya kuwalinda na kuwasomesha mabinti, ilianzishwa katika jimbo hilo hilo.

Ndipo mahali alipozaliwa Sakshi. Alipokuwa na miaka 12 wazazi wake walimpeleka kwa mwalimu wa mieleka mjini Rohtak, jina lake Ishwar Dahiya. Mwalimu huyu alikubali kufundisha wasichana. Watu wa mahali pale walimpinga. Walisema mchezo huo si wa wasichana. Mwalimu hakuacha. Wazazi hawakumtoa mtoto wao.

Ndugu msomaji, nakuomba ulishike jambo hilo. Wakati ule Sakshi hakuwa na nishani yoyote. Alikuwa mtoto wa kondakta wa basi, basi. Watu wachache tu walimwamini, nao walimwamini bure, bila kuonyeshwa chochote.

Mieleka ni mchezo gani?

Huenda umeona vijana wakishikana na kuangushana wakati wa kuchunga ng'ombe. Mieleka inafanana na hiyo, lakini ina sheria zake.

Mchezo aliocheza Sakshi huitwa mieleka ya mtindo huru. Wachezaji wawili hukutana juu ya mkeka mnene. Wanaruhusiwa kushikana hata miguuni. Hawaruhusiwi kupiga ngumi, kupiga teke, kuuma wala kumvuta mwenzako nywele. Ukimwangusha mwenzako na kumtawala unapata pointi. Ukimlaza chali, mabega yake yote mawili yakagusa mkeka, umeshinda pale pale. Pambano lina vipindi viwili, kila kimoja dakika tatu. Katikati wanapumzika kwa nusu dakika.

Wachezaji hupimwa uzito kwanza, ili mnene asipambane na mwembamba. Mwaka 2016 Sakshi alicheza katika uzito wa kilo 58. Mpinzani wake naye alikuwa wa kilo 58. Hiyo ni karibu sawa na ndoo tatu za maji. Lakini ndoo haishindani nawe. Mtu wa kilo 58 anakuvuta, anakusukuma, na anatafuta mguu wako akuangushe.

Kwa hiyo mchezo huu si wa nguvu peke yake. Unahitaji akili, pumzi na subira. Mwenye nguvu asiyefikiri huangushwa upesi.

Wanaume wamekuwa wakicheza mieleka katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Wanawake walikubaliwa mwaka 2004 tu, katika michezo iliyofanyika Athens, Ugiriki. Ni mwaka ule ule Sakshi alipotimiza miaka 12.

Tarehe 17 Agosti 2016

Sakshi alifanya mazoezi kwa miaka 12 mingine. Hakuwa wa kwanza katika Haryana. Mwaka 2010 binti mwingine wa jimbo hilo, Geeta Phogat, alishinda nishani ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Huyo alifungua mlango, wengine wakapita. Mwaka 2014 Sakshi alipata nishani ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow. Kisha akapata nafasi ya kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, nchi ya Brazil.

Siku yake ilikuwa tarehe 17 Agosti. Siku hiyo moja alipambana mara tano.

Alishinda pambano la kwanza na la pili, tena kwa taabu. Katika pambano la tatu alishindwa na mchezaji wa Urusi. Je, safari ilikwisha? Hapana. Katika mieleka, aliyeshindwa na mtu ambaye baadaye anafika fainali hupewa nafasi ya pili. Sakshi aliketi akingoja kuona kama yule Mrusi atafika fainali. Alifika. Sakshi akarudi ulingoni, akamshinda mchezaji wa Mongolia.

Likabaki pambano la tano, la nishani ya shaba. Mpinzani wake alikuwa Aisuluu Tynybekova wa Kirigizistani. Huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka iliyofuata alikuwa bingwa wa dunia, mwaka 2019 na mwaka 2021.

Kipindi cha kwanza kilipokwisha, Aisuluu alikuwa na pointi 5. Sakshi hakuwa na hata moja.

Jiweke wewe mahali pake. Umepambana mara nne tangu asubuhi. Mikono imechoka. Umebakiwa na dakika tatu, na mwenzako amekuzidi kwa pointi 5. Wengi wangekata tamaa. Sakshi aliingia tena, akaanza kumkamata mwenzake miguu. Pointi zikapanda kidogo kidogo mpaka wakawa sawa, 5 kwa 5. Zikiwa zimebaki sekunde chache tu, akamwangusha. Hesabu ya mwisho ilikuwa 8 kwa 5.

Sakshi akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata nishani ya Olimpiki katika mieleka. Ilikuwa nishani ya kwanza ya India katika michezo ile. Nchi hiyo ina watu zaidi ya bilioni moja, na mwaka ule ilipata nishani mbili tu. Zote mbili zililetwa na wanawake.

Ngoma na maua

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Sakshi aliporudi kwao alitunzwa kweli. Watu walijaa barabarani. Alivishwa mashada ya maua. Serikali ya jimbo la Haryana ilimpa zawadi ya rupia milioni 25. Ikamfanya pia mtangazaji wa ile kampeni ya kuwalinda na kuwasomesha mabinti. Binti wa mchezo uliosemwa si wa wasichana sasa alikuwa mfano wa kuigwa na wasichana wote.

Hakuishia hapo. Mwaka 2017 aliolewa na mpiga mieleka mwenzake. Wale waliokuwa wakiuliza nani atamwoa binti mpiga mieleka walipata jibu. Akaendelea kucheza. Mwaka 2022, huko Birmingham, Uingereza, aliingia fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mpinzani wake Mkanada alimtangulia kwa pointi 4 kwa bure. Sakshi akamkamata, akamlaza chali mabega yote mawili. Akapata nishani ya dhahabu.

Kama habari ingekwisha hapa, ingekuwa tamu sana. Lakini sikuandika ili nikupe utamu tu.

Barabarani mjini Delhi

Mwezi wa Januari 2023 Sakshi na wachezaji wenzake wa mieleka waliketi chini mahali penye watu wengi, katikati ya mji wa Delhi. Walikuja na malalamiko mazito. Walisema kuwa kiongozi mkuu wa chama cha mieleka cha nchi yao aliwafanyia wachezaji wa kike vitendo vya aibu, vya kuwashika miili yao bila ridhaa yao. Kiongozi huyo alikana.

Waliahidiwa kuwa uchunguzi utafanywa. Wakaondoka. Hawakuridhika na yaliyofuata, wakarudi mwezi wa Aprili. Safari hii walikaa pale zaidi ya mwezi mmoja, mchana kwenye jua na usiku wakilala hapo hapo. Tarehe 28 Mei walijaribu kuandamana kwenda kwenye jengo jipya la bunge. Polisi wakawakamata na kuwaburuta mpaka kwenye magari. Mmoja wa waliokamatwa ni Sakshi, yule yule aliyevishwa maua mwaka 2016.

Siku mbili baadaye wachezaji hao walikwenda kwenye mto Ganges. Walibeba nishani zao. Walitaka kuzitupa mtoni. Viongozi wa wakulima wakawasihi wasifanye hivyo, nao wakasikia.

Baadaye mambo yalifika mahakamani. Mwaka 2024 mahakama ya Delhi iliamua kuwa kiongozi huyo ana mashtaka ya kujibu. Alisema hana hatia. Kuamua nani mkweli ni kazi ya mahakama, si yangu wala yako.

Lakini mwezi wa Desemba 2023, kabla ya hapo, chama cha mieleka kilifanya uchaguzi. Aliyechaguliwa kuwa mkuu mpya alikuwa mtu wa karibu wa yule wa zamani. Siku hiyo hiyo, tarehe 21 Desemba, Sakshi alikaa mbele ya waandishi wa habari. Alilia. Alivua viatu vyake vya mieleka, akaviweka mezani. Akasema anaacha mchezo. Alikuwa na miaka 31.

Katika lugha ya Kihindi, neno sakshi maana yake ni shahidi. Wazazi wake walimpa jina hilo bila kujua kuwa iko siku atasimama kusema aliyoyaona.

Maoni yangu

Sasa nakupa maoni yangu, ndugu msomaji.

Sisi watu tuna tabia ya kungoja nishani. Binti akiwa bado hana kitu tunamwambia, "Kwanza tuone." Tunamnyima ruhusa, nauli na muda wa mazoezi. Akishinda tunapiga ngoma na kusema, "Huyu ni mtoto wetu." Mimi naona hilo si haki. Mtoto huwa wetu tangu siku anayozaliwa. Aliyemfanya Sakshi ashinde siyo yule aliyemvisha maua mwaka 2016. Ni yule aliyemruhusu mwaka 2004.

Kuna watakaosema, "Si kila binti atashinda kama huyo." Ni kweli. Wengi hawatashinda. Mimi pia sisemi kila binti acheze mieleka. Mmoja atapenda mpira, mwingine ufundi wa cherehani, mwingine kusoma mpaka awe mganga. Ninachosema ni kuwa tusimpime binti kwa nishani. Tumpe nafasi kwa sababu ni mtoto wetu, kama tunavyompa kaka yake. Mvulana akishindwa mpira hatusemi wavulana wote waache mpira.

Lakini maoni yangu makubwa ni haya ya pili. Sakshi alikuwa na nishani ya Olimpiki. Nchi nzima ilimjua. Hata hivyo, alipotaka malalamiko yake na ya wenzake yasikilizwe, ilimbidi akae barabarani. Je, binti asiye na nishani atasikilizwa na nani? Binti wa kijijini kwako akija akasema, "Yule mtu mzima ananitendea vibaya," je, utamsikiliza? Au utamwambia anyamaze, asiwaletee aibu?

Kuna watakaosema, "Malalamiko peke yake si ushahidi. Mtu anaweza kusingiziwa." Hilo nalo ni kweli. Lakini kusikiliza si kuhukumu. Anayesikiliza hajamfunga mtu yeyote. Amefungua mlango tu ili ukweli utafutwe. Asiyesikiliza ndiye aliyekwisha kuhukumu, na amemhukumu mtoto.

Wengine watasema, "Basi afadhali mabinti wakae nyumbani, huko nje kuna hatari." Nakataa. Mwizi akiingia zizini hatuuzi ng'ombe wote. Tunatengeneza zizi.

Tutatengenezaje? Mambo haya yako ndani ya uwezo wetu. Binti akichaguliwa kwenda kwenye michezo au masomo mbali na nyumbani, wazazi waulize atakwenda na nani na atalala wapi. Tudai pawepo mwanamke mzima, mwenye kuaminika, wa kufuatana na mabinti. Tumwambie binti mapema, kabla hajapanda basi, kuwa mtu yeyote akimgusa vibaya, awe mwalimu, awe kiongozi, awe ndugu, aseme. Tumwambie pia kuwa akisema hatutampiga wala kumwachisha. Tena, mkubwa wa mahali asiwe yeye mwenye kupokea malalamiko juu yake mwenyewe. Pawe na mtu mwingine wa kuambiwa.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji masikio.

Ndugu msomaji, leo jioni binti yako au wa jirani atapita na ndoo ya maji kichwani. Hana nishani. Huenda hatapata kamwe. Mwite, umtue ndoo. Muulize anataka kuwa nani, na kama kuna jambo linalomsumbua. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu walimpinga mwalimu wa Sakshi? Je, kijijini kwetu kuna kazi au michezo ambayo wasichana wanakatazwa? Sababu ni nini?

2. Sakshi alikuwa nyuma kwa pointi 5, akashinda 8 kwa 5. Je, katika kipindi cha pili alipata pointi ngapi?

3. Mwandishi anasema kusikiliza si kuhukumu. Je, unakubaliana naye? Eleza.

4. Binti wa kijijini kwetu akitendewa vibaya, anaweza kumwambia nani? Kama hakuna mtu, tumchague nani?